Betri Mbili na Chupa Moja

Mikumi, saa nane mchana

Sauda mwanangu,

Umeondoka saa tano kwenda kijijini Ulaya, hapa hapa wilayani, kumuaga bibi yako, na bibi ninavyomjua hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina muda mpaka jioni. Barua hii utaikuta juu ya mto wako. Nimefunga banda la kazi. Wateja wawili wameshagonga nikanyamaza kama sipo. Mmoja amekumbatia redio yake kifuani, nimemwona kwenye tundu la mlango, na sikumhurumia hata kidogo.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuangalia mzigo wako kwenye basi. Tangu ukiwa darasa la sita wewe ndiye unayenikumbusha mimi kula. Nikianza leo kukuelekeza namna ya kuishi Dodoma utacheka, mimi nitakasirika, na tutaachana vibaya. Nataka kuandika habari ya ile chupa. Huu ni mwaka wa tatu tunaishi nayo ndani ya nyumba hii bila kuitaja, tunaizunguka kama shimo uani.

Nianze na babu yako, maana hasira zangu nyingi zilianzia kwenye meza yake kule Kilosa, jirani na reli. Baba yake aliletwa na kazi ya reli, yeye akabaki na kazi ya redio. Nilikuwa na miaka tisa aliponipa chuma cha kuchomea risasi akanionyesha jinsi ya kuunga waya uliokatika. Hakunisifu hata siku moja. Watu wakimwambia, "Mzee, huyu si mtoto wa kike?" anawajibu, "Waya haujui hilo," kisha anaendelea na kazi yake. Nilidhani dunia nzima itanijibia hivyo. Nikaolewa na baba yako, tukahamia Mikumi, baba yako akaenda Ruhembe kukata miwa akapata mke mwingine huko huko, nikabaki na spika nne, amplifaya mbili na wewe. Kila mteja aliyeingia bandani aliniuliza, "Fundi yuko wapi?" Bisibisi ninayo mkononi, na mtu ananiuliza fundi yuko wapi. Siku moja nikajibu kwa hasira, "Ametoka." Yule bwana akavuta kiti akakaa kumsubiri.

Umewahi kucheka kisa hicho, na mimi nilicheka nawe, lakini swali lile lilikuwa linanila. Nakuambia mapema ili usije ukadhani nilihangaika na maji kwa kupenda elimu. Nilitaka mtu mmoja, mwenye suti ikiwezekana, aingie pale bandani aniite fundi bila kuchungulia nyuma yangu.

Ulikuwa kidato cha kwanza tulipopiga mziki kwenye harusi ya kule Tindiga, ile ya mchana. Mshereheshaji aliweka chupa yake ya soda juu ya spika kubwa. Mimi nimekaa nyuma ya amplifaya, naona kila besi inapopiga soda inatoa mapovu, besi ikinyamaza mapovu yanapungua. Niliitazama chupa ile mpaka nikasahau kubadilisha wimbo. Nikasema moyoni: kumbe sauti inatoa gesi kwenye maji. Fundi mwingine angeona soda inakaribia kumwagikia spika yake, angekimbilia kitambaa. Leo najua gesi ile ilitiwa kiwandani na sauti iliiharakisha tu kutoka. Siku ile sikutaka kujua.

Kisha wewe ukaja na lako la shuleni, kwamba umeme ukipitishwa kwenye maji yanagawanyika kuwa gesi mbili, haidrojeni inayowaka na oksijeni inayousaidia moto. Nikaunganisha hayo mawili kichwani. Amplifaya inatoa umeme unaocheza kwa mwendo wa sauti. Nikiuchomoa kwenye spika nikaupeleka kwenye maji, na kama kuna sauti fulani inayoyafaa, maji yatavunjika kwa umeme kidogo tu, na wanawake wa Mikumi watapikia maji badala ya mkaa. Nikaona hata jina: jiko la maji. Kwenye simu nikakuta video za watu wa mbali wanasema hayo hayo, wengine wamevaa makoti meupe. Koti jeupe lilinitosha.

Tulikata vibati viwili kutoka kwenye sinki bovu. Tukatia maji na magadi soda kwenye ndoo yenye mfuniko, tukaweka daiodi ili umeme uende upande mmoja, tukapakua kwenye simu programu ya kutoa sauti moja moja, kuanzia mngurumo mzito mpaka mluzi mwembamba. Amplifaya tuliiendesha kwa betri ya gari. Kila kibati kilikuwa na faneli yake, mpira wake na chupa yake, gesi zisikutane. Hilo la chupa mbili lilikuwa lako. Zilikuwa siku nzuri zile. Ulikuwa unarudi shuleni unavua viatu mlangoni na kuuliza, "Leo yametoa ngapi?" Naliandika hili kwa sababu mimi mwenyewe nakaribia kulisahau.

Mita ndiyo iliyonimaliza, au niseme nilijimaliza kwa mita. Kwenye mngurumo mzito ilionyesha volti kumi na mbili. Kwenye mluzi ikaonyesha nne, na mapovu yale yale. Nne badala ya kumi na mbili. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimepigwa shoti. Nilipima tena na tena, na mara zote mita ilinipa nilichokitaka. Nikaanza kuwaambia watu. Nilimwambia muuza mkaa aanze kutafuta kazi nyingine.

Halafu nikaenda Kilosa na mziki kwa siku tatu, na wewe ukafanya jambo ambalo mimi, miaka yote hiyo kwenye kazi, sikulifanya. Ulichaji betri mbili zinazolingana mpaka zikajaa. Ya kwanza ukaiendesha kwa mngurumo, ya pili kwa mluzi, ukahesabu chupa za gesi mpaka kila betri ilipokata pumzi. Betri ya mluzi ilikufa mapema, na chupa zake zilikuwa chache. Nimerudi nimechoka, hata kanga sijatundika, ukanikabidhi daftari.

"Mama, mita inatudanganya. Imetengenezwa kwa umeme wa ukutani. Hizi sauti nyembamba haizipati sawasawa. Ukipima kule betri inakotoa, mluzi unakula zaidi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Nimepima."

Nikakuambia betri ya pili ni mbovu. Ukasema ulizibadilisha ukarudia, majibu yakawa yale yale. Nikakuambia basi ni waya. Ukasema ni waya ule ule. Nikapandisha sauti: "Mimi nimeshika waya kabla mama yako hajakuzaa." Ukajibu taratibu, "Mama yangu si ndiye wewe?" Nilitaka kucheka. Ningecheka siku ile tungekuwa watu wengine leo. Badala yake nikazichana kurasa zile, na kesho yake nikawashia jiko la mkaa.

Nimefikiria sana kwa nini uliona na mimi sikuona, na akili hatukupishana sana. Wewe ulianzia kule umeme unakotoka, ukasubiri mpaka uishe. Mimi nilianzia kule ninakotaka kufika. Ukiwa mtu mzima utakuta watu wengi wanapima kama mimi, wengine ni wakubwa wako kazini, na watakuambia waya ni mbovu. Sijui ufanye nini na watu hao. Mimi niliyekuwa mmoja wao sikusikia chochote ulichoniambia kwa upole, labda ungenipigia kelele.

Yakaja maonyesho ya wajasiriamali pale uwanjani. Nikaambiwa nilete mziki, na kwa kuwa nilishatangaza kila mahali, nilete na jiko langu, wageni kutoka wilayani watakuwepo. Ulinisihi tusiende nalo. Nilipokataa ukasema basi tuonyeshe gesi tu, tusitaje habari ya mluzi. Nikakubali kwa mdomo. Siku moja kabla uliunganisha kila kitu kwa mkono wako, mipira miwili, chupa mbili, ukaandika jina la gesi kwenye kila chupa.

Asubuhi, ulipokwenda kuvaa sare, nikaona chupa ya haidrojeni inajaa polepole. Niliona aibu kabla hata ya watu kufika. Nikachomoa mipira yote miwili nikaiingiza kwenye chupa moja, ile kubwa iliyokuwa ya achari, ili ijae haraka. Gesi zile zikichanganyika zinangoja moto tu, uliniambia hilo mara nyingi kuliko mimi nilivyokuambia ufagie. Nilijua. Ni mimi, Sauda, kwa mikono yangu. Nakuandikia kwa wino ili nikija kukana uzeeni uwe na kitu cha kunionyesha.

Mgeni mmoja akasema anataka kuona moto. Nikachukua kiberiti, nikashika ncha ya mpira wa kutolea gesi kwenye chupa. Wewe ukasogea, ukaiona mipira, ukasema, "Mama, usiwashe." Nilikusikia. Watu hawakukusikia kwa sababu mimi nilikuwa na maiki na wewe hukuwa nayo. Nilikusikia vizuri, na nilichofikiri ni kwamba unataka kuniaibisha mbele ya wageni. Nikawasha.

Moto ulirudi kwa njia ya mpira huo mpaka kwenye chupa. Mlio wake sina haja ya kukueleza, wewe bado unausikia kwenye sikio la kushoto. Kipande cha kioo kilimchana mgeni shavuni. Watu walikimbia, viti vikaanguka, na mimi nimesimama pale sina hata mkwaruzo. Yule mgeni, leso shavuni, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani ameunganisha hiki kitu?"

Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu, na ilikuwa inafanya kazi. Nikasema, "Mtoto."

Likatoka kwenye spika zote nne. Madereva wa malori waliosimama ng'ambo ya barabara kuu walilisikia. Kazi yangu maisha yote ni kupaza sauti za watu, na sijawahi kusikia spika zangu zikitoa neno safi kama lile. Hukulia. Uliniangalia mara moja, kisha ukainama ukaanza kuokota vioo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Shule ikasema usikanyage tena maabara. Mwaka wote wa kidato cha nne wenzako walishika vifaa, wewe ukakaa darasani unasoma picha zake kwenye kitabu. Ukaingia kwenye mtihani wa vitendo ukiwa na mikono iliyosahau, na matokeo yakaja kama yalivyokuja. Mtaani wakakuita Sauda Bomu. Nililisikia jina hilo sokoni, nikanunua nyanya zangu nikaondoka. Na Jumamosi ya wiki ile ile, siku nne baada ya mlipuko, nilikuacha nyumbani na pamba sikioni nikaenda kupiga mziki harusini. Waliniambia nimewafurahisha.

Sasa unakwenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Sidharau mafaili, na najua utayapanga vizuri kuliko yeyote. Lakini sitajifanya sijui ulichokuwa unakitaka. Nilikuona juzi ulivyosimama mbele ya ile amplifaya iliyoharibika, ukainusa kujua kilichoungua, ukarudisha mkono nyuma. Kwenye nyumba hii unaogopa kushika waya, na niliyekuogopesha ni mimi.

Jana nilikuambia nakwenda Kilosa kutafuta spea. Nilikwenda kwa Mwalimu Mbena, yule aliyekufundisha fizikia kabla hajahamishiwa huko. Nilimkuta barazani kwake anasahihisha madaftari. Nikamsalimia, nikakaa, na kabla hajaniuliza habari za Mikumi nikasema, "Mwalimu, ile chupa niliiunganisha mimi."

Hakuinua kichwa. Alimaliza ukurasa, akaweka alama, ndipo akafunika kalamu.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mtoto aliyeniletea majedwali ya betri zake atatia gesi mbili chupa moja?"

Kumbe uliziandika upya kurasa zile nilizochana. Hapo nikapandwa na hasira, unanijua. Nikamuuliza kama alijua, aliachaje mtoto wa watu afungiwe maabara. Nilitafuta hata pale barazani mtu wa kumtwisha.

"Nilimwita mara tatu, Mama Sauda," akasema. "Peke yake, mlango umefungwa. Mara tatu akasema ni yeye. Nimwambie nini mkuu wa shule, kwamba mwenyewe anakiri na mimi nakataa? Mara ya tatu nikamwambia, mwanangu, mama yako ni mtu mzima, mwache abebe. Akanijibu, 'Mwalimu, mama ana harusi Jumamosi. Wakijua ni yeye hawatamwita tena.'"

Mke wake aliniletea chai nikashindwa kuinywa. Miaka yote hii nilijua umenyamaza kwa kuniogopa, na hilo nilikuwa nimezoea kuishi nalo, mama wangapi wanaogopwa na watoto wao. Sikujua kwamba ulikaa na sikio linalovuma, na umri wako ule, ukapima nani kati yetu ataumia zaidi, ukatoa maabara yako ili mimi nibaki na spika zangu. Hata hapo ulipima sawasawa. Kama wangejua ni mimi, nisingeitwa tena kwenye sherehe yoyote ya hapa, na tungelala njaa. Nimekula kwa neno lile mpaka leo, na wewe ulikuwa unanipakulia.

Nilimuuliza mwalimu kitu gani kinaweza kurudi. Akasema atamwandikia mkuu wa shule, ila barua haitarudisha mwaka. Akasema mtu anaweza kurudia mtihani kwa kujitegemea, akipata kituo chenye maabara kitakachomkubali, na ni kazi ngumu ukiwa chuoni. Sikuambii ufanye hivyo. Nimeshakuamulia ya kutosha.

Leo ulipoondoka nikaanza na Mikumi. Nilimwambia Mama Neema, jirani yetu wa chapati, kila kitu, nimesimama mbele ya jiko lake. Akageuza chapati. "Ah, shoga, si mambo ya zamani hayo? Na mtoto mwenyewe anaondoka." Nilijiandaa kutemewa mate, nikapewa chapati ya moto. Baadaye nikamwambia yule fundi baiskeli. Huyo akatabasamu akasema ni vizuri mama kumtetea mwanawe. Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nilipodanganya waliniamini papo hapo, na sasa nasema kweli wananiona mama mwema. Nitaendelea kuwaambia mmoja mmoja, wakichoka nitawachosha zaidi, lakini usitegemee kwamba ukirudi likizo utakuta jina lile limekufa.

Sikuombi unisamehe kesho. Kituoni kutakuwa na watu, na wewe una adabu, utanikumbatia kwa adabu, na mimi sitajua nilichokumbatiwa nacho. Ukifika Dodoma usinipigie kila siku kwa kunihurumia. Nipigie siku utakayokasirika. Sijawahi kusikia hasira yako, Sauda, na nadhani nimeingoja muda mrefu bila kujua.

Kuna jambo moja tu kuhusu asubuhi. Tangu siku ya chupa hujakosa hata mara moja kunipa shikamoo. Una pamba sikioni, ulinipa. Siku ya matokeo, macho yamevimba, ulinipa. Na mimi kila siku nimeitika marahaba na kuuliza kama chai iko tayari. Kesho nitaamka kabla yako. Ukitoka chumbani usiniamkie. Nitakuwa nimesimama hapo mlangoni, nitakuamkia mimi. Usipoitikia, nitaelewa.

Mama yako